Kifafa cha Mimba kwa Kiswidi

Wasikilizaji, leo sina mgeni hapa studioni Stockholm. Niliyemwalika ameshikwa na zamu ya ghafla huko anakotunza wazee, basi nitazungumza mwenyewe. Nitaanza na neno moja lililonitoa jasho mwezi wa Januari, nje kukiwa na baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri.

Mnaonifahamu mnajua kwamba redio hainilishi. Ugali wangu unatoka kwenye ukalimani wa simu. Simu inalia, natajiwa nambari ya kazi, naunganishwa: upande mmoja mkunga au daktari, upande wa pili mgonjwa. Siwaoni, hawanioni. Siku hiyo alikuwa mama wa Kitanzania, lafudhi ya kusini, mimba ya wiki kumi na moja. Mkunga anamwandikisha, maswali yale yale ya siku zote: umezaa mara ngapi, ulijifungua vipi, kuna kisukari katika ukoo? Mama anajibu polepole, kwa adabu, kama anayejibu mbele ya wakwe. Alipofika mimba ya pili akasema, "Ile nilipata kifafa cha mimba. Nilipozinduka mtoto walikuwa wameshamtoa."

Kifafa kwa Kiswidi ni epilepsi. Ulimi ulishatangulia. Nikasema "epilepsi," na nikasikia vidole vya mkunga vikigonga kibodi, tak tak tak, neno linaingia kwenye faili.

Ilipita labda sekunde nne. Ndipo nikamkumbuka marehemu shangazi yangu, mkunga wa jadi, akimwambia jirani yetu aliyevimba miguu na kuona nyota mchana kweupe: nenda hospitali leo, usingoje kesho, hicho kitakuwa kifafa cha mimba. Shangazi hakuwa akizungumzia ugonjwa wa kuanguka. Alikuwa akizungumzia presha ya mama mjamzito, ile inayopanda kimyakimya mpaka mwili unakakamaa na mtu anapoteza fahamu. Na Waswidi nao, kumbe, wana jina lao la mtaani kwa hali inayotangulia hiyo: havandeskapsförgiftning. Ukilichambua, ni kulishwa sumu na ujauzito. Basi sisi tunasema kifafa, wao wanasema sumu, na hakuna kifafa wala sumu. Kila watu wameliita jambo kwa jina la kile kilichowatisha.

Mkalimani anapokosea anatakiwa ajitaje kama mtu wa tatu. Nikasema: mkalimani anaomba kusahihisha. Mkunga akaacha kuandika. Akauliza ilikuwa wiki ya ngapi, mtoto alikuwa na uzito gani, presha ilirudi chini baada ya muda gani. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kabla simu haijakatwa mama alikuwa ameandikiwa aspirini ya kipimo kidogo anywe kila jioni, amepewa siku za kupimwa presha zaidi ya ratiba ya kawaida, na ameombewa miadi ya daktari bingwa. Yote kwa sababu ya neno moja. Ningelinyamazia, angetumwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, angekaa kwenye foleni ya watu wasio na haraka, na huku presha inapanda.

Nimewasimulia aibu yangu mwenyewe kwa sababu mada ya leo watu hupenda kuianzia kwenye aibu ya wengine. Mada ni hii: kwa nini katika mji wenye hospitali kama hizi familia za watu weusi zinaugua zaidi na kufa mapema zaidi, na ni kitu gani hasa kimepata kupunguza pengo hilo.

Mji wenyewe mnausikia kila Oktoba. Hapa ndipo ilipo Taasisi ya Karolinska, ambayo maprofesa wake ndio wanaochagua mshindi wa tuzo ya Nobel ya tiba. Ukipanda treni ya chini ya ardhi, njia ya buluu, kutoka stesheni ya kati, haziishi dakika ishirini unateremka Rinkeby. Mbele yake ni Tensta, kisha Hjulsta, mwisho wa reli. Ni majengo ya mpango wa nyumba milioni moja, uliojengwa kati ya 1965 na 1974 ili Mswidi wa kawaida apate bafu na jiko la kisasa. Leo ukiteremka hapo utasikia Kisomali, Kitigrinya, Kiarabu, na ukitega sikio vizuri, Kiswahili pia, maana Wasomali wengi wa Rinkeby walipitia mtaa wa Eastleigh au kambi ya Dadaab kabla ya kufika hapa, na Kiswahili cha Nairobi hakijawatoka. Matibabu ya mjamzito ni bure. Kliniki ya mtoto ni bure. Hakuna anayeombwa glavu wala wembe wa kukatia kitovu, kama wanavyoombwa dada zetu wengine nyumbani.

Na bado. Uppsala, kaskazini kidogo ya hapa, watafiti akiwemo daktari Annika Esscher walipitia rejista za vifo vya wanawake wa umri wa kuzaa kuanzia 1988 hadi 2007. Wanawake waliozaliwa katika nchi maskini walikuwa wakifa kwa sababu za ujauzito na uzazi zaidi ya mara sita kuliko waliozaliwa Sweden. Vifo vyenyewe ni vichache, kwa kuwa nchi hii mama kufa akijifungua ni jambo la nadra sana, lakini uwiano ndio huo. Kabla yao, mwaka 2002, daktari Birgitta Essén na wenzake walichapisha kazi iliyotuhusu moja kwa moja: walichukua mafaili ya watoto 63 wa akina mama wa Afrika Mashariki waliofia tumboni au mara tu baada ya kuzaliwa katika hospitali za Sweden kati ya 1990 na 1996, wakayalinganisha na ya watoto 126 wa akina mama wa Kiswidi. Makosa ambayo pengine yangeepukika yalikuwa mengi zaidi upande wetu. Mama alichelewa kuja. Mama alikataa upasuaji. Mtoto aliyedumaa tumboni hakufuatiliwa ipasavyo. Mashine ya mapigo ya moyo ilisomwa vibaya. Watu hawakuelewana.

Angalieni orodha hiyo jinsi ilivyochanganyika. Nusu ni yao, nusu ni yetu, na ile ya kutoelewana ni ya wote wawili. Napenda utafiti wa namna hii kwa sababu haumpi mtu yeyote nafasi ya kunawa mikono.

Hebu nikae kidogo kwenye kukataa upasuaji, maana hapo ndipo tunapoitwa wajinga. Essén huyo huyo alikaa na akina mama wa Kisomali akawasikiliza. Wakamweleza kwamba walikuwa wakijipunguzia chakula kwa makusudi wakati wa mimba ili mtoto awe mdogo, atoke kwa njia yake, wasipasuliwe. Mkunga wa hapa akisikia hivyo anashika kichwa. Lakini mama huyo ametoka mahali ambako anayepelekwa kwenye kisu mara nyingi harudi, au anarudi na kidonda kisichopona, na mimba inayofuata inamkuta kijijini mbali na hospitali. Kwa hesabu ya kule alikotoka, mtoto mdogo na njia ya kawaida ndiyo akili. Amehama na akili yake. Hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kwamba hapa hesabu ni nyingine, upasuaji ni wa saa moja na hatari ya kweli ni mtoto aliyenyimwa chakula. Kipeperushi cha kurasa nane hakikalishi mtu chini.

Subirini ninywe maji.

Sasa nirudi Machi 2020. Mnaikumbuka. Wenye ofisi waliambiwa wafanyie kazi nyumbani, na mitaa ya katikati ya mji ikawa kimya kama Ijumaa Kuu. Dereva wa basi nambari fulani hawezi kuendeshea nyumbani. Dereva wa teksi anayepokea watu uwanja wa ndege wa Arlanda, wengine wakitoka kuteleza kwenye theluji ya Alpi, hawezi kuwapokea kwa kompyuta. Msichana anayelipwa kwa saa katika nyumba ya wazee hawezi kumwosha bibi wa watu kwa simu. Mwishoni mwa mwezi huo chama cha madaktari Waswidi wenye asili ya Somalia kilitoa taarifa iliyotushtua: katika watu 15 wa kwanza waliokufa kwa korona mkoa wa Stockholm, 6 walikuwa Wasomali. Daktari Jihan Mohamed, mmoja wa viongozi wa chama hicho, ndiye aliyesimama mbele ya vyombo vya habari kulisema. Siku chache baadaye takwimu za mkoa zikaonyesha kwamba Rinkeby-Kista maambukizi yalikuwa zaidi ya mara tatu ya wastani wa mkoa.

Mjadala ulioanza baada ya hapo sikuupenda. Kwenye televisheni watu wakazungumzia utamaduni: wanasalimiana sana, wanaishi vizazi vitatu pamoja, hawaelewi Kiswidi. Yako ya kweli humo. Lakini kiangazi kile kile mamlaka ya afya ya umma ilitoa hesabu ya maambukizi kwa kazi za watu, na madereva wa teksi na wa mabasi walikuwa na hatari zaidi ya mara nne ya wafanyakazi wengine. Usukani hauna utamaduni. Na Oktoba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Sven Drefahl na wenzake, wakachapisha uchambuzi wa vifo vya nchi nzima: kipato kidogo, elimu ndogo, kutokuwa kwenye ndoa, kuwa mwanamume, na kuzaliwa katika nchi ya kipato cha chini au cha kati, kila kimoja peke yake kiliongeza hatari ya kufa. Maana yake hata ukiondoa umaskini na elimu kwenye hesabu, kuna kitu kinabaki kwa mtu aliyetoka kwetu. Kitu gani hasa, rejista haisemi.

Na ile taarifa ya sita kati ya kumi na tano, ilitoka wapi? Hapo ndipo nilipotaka kufika. Madaktari wale walijua kwa sababu walijuana na wafiwa, walipokea simu za misiba, walihesabu kwa vidole. Sweden haimwandiki mtu rangi yake. Rejista inajua ulizaliwa wapi, wazazi wako walizaliwa wapi, unalipa kodi kiasi gani, lakini weusi wako hauko popote. Mjukuu wa Mkenya ambaye yeye na wazazi wake wamezaliwa hapa, kwenye rejista ni mzaliwa wa Sweden, basi. Akienda hospitali akaambiwa maumivu yake ni ya kawaida, akarudishwa nyumbani na Alvedon, ambayo kwa asiyeijua ni Panadol ya huku, hakuna jedwali litakaloonyesha kama anarudishwa mara nyingi kuliko wenzake.

Kuna sababu ya kutoandika rangi, na ni nzito. Mwaka 1922 dola la Sweden lilifungua huko Uppsala taasisi ya biolojia ya mbari, ikapima mafuvu ya watu, hasa Wasami wa kaskazini, ikawapanga kwa madaraja. Nchi iliyofanya hivyo na kuja kuona haya ina haki ya kuogopa rula. Sheria yao ya kupinga ubaguzi, iliyoanza kutumika 2009, hata neno lenyewe la mbari imeliondoa, ikaweka kabila na rangi ya ngozi. Na ndugu zangu wa Maziwa Makuu mnaonisikiliza msingojee niwaambie orodha ya kabila katika kitambulisho inaweza kufanya nini. Rwanda, 1994, watu waliuawa vizuizini kwa kusomwa kadi.

Kwa hiyo mtu akiniambia "tuhesabiwe," ninasita. Lakini Uingereza wanauliza, kwa hiari ya mgonjwa, na kwa kuuliza ndiyo wamejua: ripoti yao ya mwaka 2019 ilionyesha wanawake weusi wakifa kwa uzazi mara tano hivi ya wanawake weupe. Aibu ile imewalazimu kulizungumza bungeni. Hapa, mwaka 2014, kituo cha tamaduni mbalimbali cha Botkyrka kilitoa ripoti kuhusu hali ya Waswidi wenye asili ya Afrika, mmoja wa waandishi wake akiwa Victoria Kawesa, mzaliwa wa Kampala. Ilibidi wakadirie kwanza watu hao ni wangapi. Wakafika takribani 180,000. Idadi ya watu wazima kwa watoto inakadiriwa kwa kubahatisha, katika nchi inayojua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa nambari ya sikioni! Mimi sitaki kadi. Ningeridhika na kuulizwa kwenye dodoso, bila jina, na hiari ya kukataa.

Kuna mahali pengine kutohesabiwa kunaumiza kimwili. Kile kifaa cha kubana kidoleni, kinachosoma oksijeni, wengi mlikiona wakati wa korona. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilikuwa kikificha upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Kinasoma mwanga unaopita kwenye ngozi, na walipokijaribu, ngozi nyingi hazikuwa zetu. Basi ukiambiwa tisini na tatu, na pumzi unaisikia inakuishia, sema. Sema mara ya pili.

Yatosha ya kusikitisha. Nataka kuwaeleza kitu kilichofanya kazi.

Mwaka 2013 kliniki ya watoto ya Rinkeby na idara ya ustawi wa jamii ya mtaa huo walianza kwenda nyumbani kwa kila familia iliyopata mtoto wa kwanza. Kawaida wakati huo muuguzi alikuja mara moja, akapima kichwa na uzito, akaondoka. Hawa waliamua kwenda mara sita, tangu mtoto mchanga mpaka afikishe miezi 15, na wakaenda wawili wawili: muuguzi wa watoto na mshauri wa wazazi kutoka ustawi wa jamii. Wenyeji wa huku sasa hivi mmeshikwa na kicheko. Mtu wa "soc" mlangoni, na unamfungulia? Soc kwetu ni jina la kutishia watoto, na watu wazima pia. Wanaochukua watoto wa watu, ndivyo inavyosemwa kwenye vikao vyetu. Ndiyo maana nasema ilikuwa ni ujasiri. Mtu wa kwanza unayemwogopa anakuja hujafanya kosa, anabisha hodi, anauliza umelala vizuri? Anakuja tena mwezi mwingine. Safari ya tatu umeshajua anakunywa chai bila sukari.

Nimewahi kukalimani ziara kama hiyo mwenyewe, ana kwa ana, mtaa mwingine ulioiga mpango wa Rinkeby. Waswidi na Waswahili wanafanana kwa jambo moja kubwa: viatu vinabaki mlangoni. Muuguzi akaingia na soksi zake zenye picha za paa wa Krismasi, akakaa chini kwenye mkeka, si kwenye kochi alilowekewa. Mama alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, Mkongomani wa Uvira, na mtoto wa miezi minne mnene kama andazi. Muuguzi akauliza habari za matone ya vitamini D. Mama akaenda jikoni, akarudi na kichupa. Kimejaa. Hakijafunguliwa muhuri.

Wala hakuona haya. Akasema, "Njo dawa ile, na mutoto haiko mgonjwa."

Nikalifikisha hivyo hivyo. Muuguzi hakucheka wala hakushika kichwa. Akanyanyua mkono wa mtoto hadi dirishani, saa nane mchana ya Desemba, jua lenyewe limeshajilaza kwenye mapaa ya jirani. Akasema: huko kwenu jua lilikuwa linamtengenezea mtoto kitu hiki bure, kila siku, ngozini. Hapa halitoshi, na ngozi nzuri kama hii, iliyoumbwa kwa ajili ya jua kali, inahitaji jua jingi zaidi ili itengeneze kiasi kile kile. Kwa hiyo jua la kwenu tumelitia kwenye chupa. Matone matano kwa siku.

Mama akakiangalia kichupa upya. Akauliza kama na yeye anywe. Lilikuwa swali la maana kuliko alivyojua, kwa kuwa mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa hapa Sweden uliowakuta wajawazito wa Kisomali wana upungufu mkali mno wa vitamini hiyo. Na kwa Kiswahili chetu matege tunayajua. Hakuna mzazi anayetaka kusikia neno hilo. Lakini mama huyo alikuwa amepewa kichupa pamoja na karatasi kliniki, miezi minne iliyopita, na karatasi ilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa mkekani.

Habari ya chanjo ya surua nitaipitia haraka, ina kipindi chake. Rinkeby na Tensta, miaka ya 2010 na kitu, waliochanjwa walishuka hadi karibu asilimia 70, wakati nchi nzima ilikuwa zaidi ya 95. Kisa ni usonji. Mwaka 2008 madaktari wa Stockholm walikuwa wameonyesha kwamba usonji ulionekana mara tatu hadi nne zaidi kwa watoto wa wazazi Wasomali, na hakuna aliyewapa wazazi jibu la kwa nini. Watu wakijikuta hawana jibu hulitafuta, na wakalipata kwenye simu zao: chanjo. Ni uongo, umepimwa ukakutwa uongo. Lakini watafiti wa Karolinska, akiwemo Asli Kulane, walipokaa na akina mama hao waligundua wengi hawaikatai chanjo. Wanaichelewesha. Hapa inatolewa miezi 18, wao wanasubiri mpaka mtoto aseme maneno. Ukijua hivyo unajua la kuzungumza naye, na unajua si adui.

Na msidhani darasa linatoka Ulaya tu kwenda kwetu. Kuanzia 2015 kulikuwa na mradi wa kisukari ulioitwa SMART2D, uliowaunganisha Karolinska, Makerere na wenzao wa Afrika Kusini. Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, wagonjwa walikaa vikundi vya kusaidiana na kila mmoja alichagua ndugu au jirani wa kumsindikiza katika tiba. Stockholm nao, katika mitaa kama hii ninayoitaja, walikuwa wakitafuta namna yao, wakapigia watu simu za kuwashauri. Nilifurahi kusikia. Mtu wa huko Iganga anayejua kumsindikiza jirani yake mwenye sukari ana la kumfundisha profesa.

Si kila zuri linapimika, lazima niseme na hilo. Hapa Stockholm walijaribu kuwapa wajawazito wanaozungumza Kisomali, Kitigrinya, Kiarabu na lugha nyingine mwanamke wa lugha yao wa kuwashika mkono leba, wakalinganisha na wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2022: kwa ujumla, jinsi akina mama walivyoipima huduma waliyopata haikutofautiana. Mimi ningebeti mshahara wangu kwamba ingetofautiana. Labda swali lililoulizwa halikugusa kilichobadilika; labda mkono wa kushikwa kwa siku moja hautoshi baada ya miezi tisa ya kutoelewana. Sijui. Matokeo ni hayo, na asiyeyapenda, kama mimi, ameze.

Sasa la siasa, kisha nawaacha. Oktoba 2022 vyama vilivyokuwa vikishika madaraka viliafikiana katika mapatano ya Tidö kwamba haki ya mkalimani wa kulipiwa na serikali ichunguzwe na kubanwa. Mkoa wa Blekinge, kusini, ulikuwa umeshaanza kuwatoza baadhi ya wagonjwa ada ya mkalimani. Hoja yao: umekaa miaka, jifunze Kiswidi. Mnaweza kusema natetea ugali wangu, na ni kweli, ugali wangu umo. Lakini Kiswidi cha kununulia viazi hakitoshi kueleza kifafa cha mimba. Mimi ninayekula kwa lugha hizi mbili kilinishinda sekunde nne nzima. Ada ikiwekwa, najua nani atakalimani. Atakuwa binti wa miaka kumi, ametolewa shule siku hiyo, amekaa katikati ya mama yake na daktari, na anatafuta neno la Kiswahili la uvimbe, asilijue, au alijue na asitake kulisema.

Mtaniandikia mkiuliza yule mama wa kusini aliishia wapi. Mkalimani hapewi mwisho wa hadithi. Simu ikikatwa, imekatwa. Nikimtafuta navunja kiapo cha kazi. Kwa hesabu yangu alitakiwa ajifungue mwanzoni mwa Agosti. Mwezi ule kila nilipopewa kazi ya wodi ya wazazi nilitega sikio kwa ile lafudhi, na sikuisikia.

Nilichonacho ni daftari. Tangu siku ile naandika kila neno la mwili linalonikwaza, kushoto la kwetu, kulia maelezo ya kumpa daktari wa hapa. Presha: nimeiandika kwa wino mwekundu, kwa sababu Waswidi wana neno linalofanana nayo kwa sauti, press, ambalo kwao laweza kumaanisha msongo. Degedege nimelipatia sentensi mbili. Kichomi nimeandika, nikafuta, nikaandika tena. Mlio na maneno ya kwenu, ya Uvira, ya Lamu, ya Songea, nitumieni kwa nambari ile ya siku zote, na mnieleze mama zenu walimaanisha nini walipoyasema. Kwa chango la uzazi mstari wa kulia bado ni mtupu.